Kabla Hujamwaga Dawa ya Magugu Bwawani

Maji ya kijani si ugonjwa. Wafugaji wengi wa perege huku Kigamboni, Bunju na Chanika wakiyaona tu hukimbilia duka la pembejeo, na hasara huanzia hapo. Zamisha mkono wima. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa karibu na kiwiko, hicho ni chakula cha bure cha perege, kiache. Kikipotea kabla maji hayajapita kifundo cha mkono, mbolea au pumba imezidi: sitisha samadi ya kuku, punguza chakula, badilisha sehemu ya maji.

Vya kuondoa ni ukoga wa nyuzinyuzi unaoelea kama pamba iliyolowa, magugu maji, na majani yanayoota kingoni penye kina kifupi. Anza na reki na wavu. Kazi inachosha, sikatai, lakini mboji yake mchicha unaipenda.

Ukilazimika kutumia dawa, fahamu kwamba mara nyingi samaki hawauawi na sumu yenyewe. Majani yakifa kwa mkupuo huoza, na kule kuoza kunamaliza oksijeni. Joto la Dar linaongeza balaa, maana maji ya moto hushika hewa kidogo. Alfajiri unakuta samaki wamejaa juu wanatweta, na wewe unalaumu aliyekuuzia. Tibu theluthi ya bwawa tu, subiri siku 10 hadi 14, ndipo uendelee na sehemu nyingine. Chagua asubuhi yenye jua, si siku ya mawingu ya masika.

Kwa ukoga, mrututu (salfeti ya shaba, ile chumvi ya buluu) hufanya kazi, ila katika maji laini, yaani yenye madini kidogo, ni mkali mno kwa samaki. Pima kwanza alkali ya maji, yaani uwezo wake wa kuzimua asidi. Ikiwa chini ya miligramu 50 kwa lita, usiutie kabisa. Ikiwa 100, usizidishe gramu 1 kwa kila mita ya ujazo. Eneo la mita 10 kwa 10 lenye kina cha mita 1 litachukua gramu 100, zilizopimwa kwa mizani, si kwa kifuniko cha soda.

Glaifosati, dawa ya magugu inayopulizwa kwenye majani, haiui ukoga wala majani yaliyozama, na nyingi za shambani zimechanganywa na sabuni inayodhuru samaki na vyura. Kibandiko kisipotaja mabwawa, rudisha kopo dukani. Kikitaja, tafuta usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kisha hesabu siku za kungoja kabla ya kuvua samaki wa kuuza au kumwagilia matembele kwa maji hayo.