Wanalala Pwani, wanafanya kazi Kariakoo: kukadiria watu na ajira za mkoa hatua kwa hatua

Afisa mipango mgeni akiambiwa alete makadirio ya watu ya miaka kumi, mara nyingi hufanya jambo moja: anatafuta kasi ya ongezeko kati ya sensa mbili za mwisho, anaiweka kwenye Excel na kuiburuta mpaka 2032. Dakika kumi kazi imekwisha. Nami nilianza hivyohivyo. Halmashauri moja niliyofanyia kazi ilipanga madarasa kwa kasi ya mkoa mzima, ilhali watoto walikuwa wanajazana kwenye kata mbili za kando ya barabara kuu. Baada ya miaka mitatu shule moja ilikuwa na watoto wanaokaa chini, nyingine ina popo.

Mfano wangu hapa ni Dar es Salaam na Pwani, maana mikoa hiyo miwili imewaumbua wengi. Andaa majedwali ya sensa za 2002, 2012 na 2022, pamoja na Utafiti wa Nguvu Kazi wa 2014 na wa 2020/21. Vyote ni vya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kompyuta ya kawaida inatosha.

Hatua ya 1: Sawazisha mipaka kwanza

Kabla hujagusa fomula yoyote, hakikisha eneo unalolinganisha ni lilelile. Sensa ya 2012 iliipa Mbeya watu 2,707,410. Ya 2022 ikaipa 2,343,754. Asiyejua atasema Mbeya imekimbiwa. Kumbe mwaka 2016 Songwe ilimegwa kutoka Mbeya, na peke yake ilikuwa na watu 1,344,687 mwaka 2022. Jumlisha mikoa hiyo miwili unapata 3,688,441, yaani ongezeko la asilimia 3.1 kwa mwaka. Kwenye kata na vijiji balaa hili ni kubwa zaidi, kwa sababu kata hugawanywa karibu kila uchaguzi. Tengeneza jedwali la "kata ya zamani, kata mpya" na usilipoteze.

Hatua ya 2: Tafuta kasi

Gawa idadi mpya kwa ya zamani, chukua logi asilia, gawa kwa miaka. Kwenye Excel, kwa Dar es Salaam:

=LN(5383728/4364541)/10

Jibu ni 0.021, yaani asilimia 2.1 kwa mwaka. Kwa Pwani, iliyotoka 1,098,668 hadi 2,024,947, utapata asilimia 6.1. Kwa taifa zima, kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120, ni asilimia 3.2. Kwenda mbele unazidisha idadi ya sasa kwa EXP ya kasi mara miaka. Sensa zetu za karibuni zimefanyika Agosti na mwaka wa fedha unaanza Julai, kwa hiyo andika tarehe ya kila namba, si mwaka peke yake.

Hatua ya 3: Rudi nyuma ujipime

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Jifanye uko mwaka 2012, hujui kitakachotokea, kisha kadiria 2022 na ulinganishe na sensa.

Kati ya 2002 na 2012 Dar es Salaam ilikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka. Iburute kasi hiyo: mwaka 2022 unapata watu milioni 7.64. Sensa ikahesabu milioni 5.38. Umezidisha kwa asilimia 42. Geukia Pwani, ambayo katika muongo uleule ilikua kwa asilimia 2.2: utakadiria milioni 1.37, na sensa ikaonyesha milioni 2.02. Huku umezidisha, kule umepunja.

Watu walikwenda wapi? Sensa yetu humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Fundi aliyekuwa amepanga Temeke akanunua kiwanja Vikindu, kila alfajiri anapanda daladala kurudi mjini kwenye kazi yake ileile. Ajira yake haijahama. Kitanda chake ndicho kimevuka mpaka wa mkoa. Ndivyo ilivyo pia kwa Kibaha kupitia Barabara ya Morogoro, Mapinga kupitia Barabara ya Bagamoyo, na Kisarawe kupitia Pugu. Takwimu zimekatwa kwa mipaka ya utawala, lakini soko la ajira halina habari na mipaka hiyo.

Basi unganisha mikoa yote miwili uihesabu kama eneo moja la ajira. Kwa pamoja ilikua kwa asilimia 4.8 kati ya 2002 na 2012. Iburute: milioni 8.83, wakati hali halisi ilikuwa milioni 7.41. Kosa limeshuka hadi asilimia 19. Sasa usiamini kuwa kasi kubwa itadumu. Ivute nusu ya njia kuelekea wastani wa taifa wa wakati ule, asilimia 2.7. Unapata asilimia 3.75, na makadirio ya milioni 7.95. Kosa sasa ni kama asilimia 7.

Nakiri hapo nilikuwa nimeshaliona jibu, na ni rahisi kuwa hodari baada ya mechi kwisha. Ndiyo maana rudia zoezi hilihili kwenye mikoa mingine mitano au sita kabla hujaamua uvute kasi kwa kiasi gani.

Hatua ya 4: Vunja idadi kwa umri

Jumla peke yake haijengi darasa. Panga watu kwa makundi ya miaka mitano mitano, si mwaka mmoja mmoja, kwa sababu wengi wakiulizwa umri hutaja unaoishia na 0 au 5.

Takwimu za wahamaji katika ngazi ya halmashauri ni haba, hivyo natumia njia fupi ya Hamilton na Perry ya mwaka 1962. Inataka sensa mbili tu. Tuseme mwaka 2012 eneo lako lilikuwa na vijana 100,000 wa miaka 10 hadi 14. Miaka kumi baadaye, kundi hilohilo likiwa na miaka 20 hadi 24, wamehesabiwa 120,000. Uwiano ni 1.20. Ndani yake kuna waliofariki, waliohama na waliohamia, wote kwa mpigo. Chukua wenye miaka 10 hadi 14 wa mwaka 2022, zidisha kwa 1.20, unapata wa miaka 20 hadi 24 wa mwaka 2032. Fanya hivyo kwa kila rika, wanaume peke yao na wanawake peke yao.

Watoto wa chini ya miaka kumi hawana rika la kuwatangulia. Wa miaka 0 hadi 4 wapate kwa uwiano wao na wanawake wa miaka 15 hadi 49, na wa miaka 5 hadi 9 kwa wanawake wa miaka 20 hadi 54. Kwa darasa la kwanza la miaka mitano ijayo huhitaji kukisia uzazi hata kidogo: watoto hao wameshazaliwa, wako kliniki wanapimwa uzito. Nenda kaulize rejista za chanjo.

Hatua ya 5: Ajira

Hapa kuna namba mbili zinazochanganywa kila siku. Ya kwanza ni watu wanaotafuta au wanaofanya kazi: chukua wenye umri wa kufanya kazi kutoka hatua ya 4, zidisha kwa kiwango cha ushiriki katika nguvu kazi, yaani sehemu yao wanaofanya au kutafuta kazi. Ya pili ni nafasi za kazi zenyewe, kwa sekta.

Kwa nafasi za kazi, linganisha kila sekta ya eneo lako na sekta hiyohiyo kitaifa kati ya tafiti mbili. Ongezeko lake ligawe mara tatu: sehemu inayotokana na uchumi wa nchi nzima kukua, sehemu inayotokana na sekta yenyewe kushamiri au kudorora kote nchini, na sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo ya kwenu. Ile ya tatu ndiyo ya kuitilia shaka. Kiwanda kimoja kikubwa Mkuranga au Kibaha kinaweza kuifanya ipae, lakini hakuna kiwanda kinachofunguliwa mara mbili.

Na tafadhali usitumie orodha za mishahara peke yake ukadhani umehesabu ajira. Machinga, bodaboda, mama lishe na mkulima wa korosho hawamo humo. Utafiti wa Nguvu Kazi unawafikia kwa sababu unakwenda nyumba kwa nyumba.

Hatua ya 6: Oanisha watu na kazi

Tuseme mwaka 2032 eneo lako litakuwa na nguvu kazi ya 1,120,000, na nafasi za kazi 1,200,000. Pengo ni 80,000. Wanaokuja asubuhi na kurudi kwao jioni wawe 30,000. Wamebaki 50,000 ambao lazima wahamie. Kila mmoja akija na wategemezi, sema watu 1.6 kwa mfanyakazi akiwemo yeye mwenyewe, hao ni wakazi 80,000.

Usiwajumlishe hivihivi. Uwiano wa 1.20 wa hatua ya 4 umeshabeba uhamiaji wa muongo uliopita, na nguvu kazi ya 1,120,000 imetokana nao. Wakazi hao 80,000 ni nyongeza juu ya uhamiaji uliozoeleka, na hiyo inahitaji sababu mahsusi, kama Dodoma ilivyoipata serikali ilipoanza kuhamia huko baada ya tangazo la 2016. Kama huna sababu ya namna hiyo, shusha nafasi za kazi badala ya kuongeza watu. Pengo likiwa upande wa pili, yaani watu wengi kuliko kazi, usikimbilie kuwahamisha kwenye karatasi. Wengi watabaki, wataongeza vibanda na bodaboda.

Hatua ya 7: Namba tatu, kila moja na kazi yake

Toa makadirio ya chini, ya kati na ya juu. Mheshimiwa diwani mmoja aliwahi kuniuliza kikaoni: "Mtaalamu, si utupe moja tu tujue?" Nikamjibu, "Mheshimiwa, inategemea unanunua nini." Ya juu itumie kutenga maeneo ya barabara, shule na mabomba makuu, kwa kuwa kiwanja kikishajengwa kulipa fidia ni ghali. Ya kati itumie kwa madarasa na zahanati, ambavyo unaweza kuongeza kidogokidogo. Ya chini itumie kwenye makisio ya mapato ya ndani. Kwenye ukurasa wa kwanza andika kasi uliyotumia, mipaka uliyotumia, na kosa ulilolipata ulipojipima nyuma.