Kupaka rangi chumba kimoja: tenga siku mbili

Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kuta za mita 2.5, kina takriban mita za mraba 32 za kupaka ukishatoa mlango na dirisha. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hadi 12, kwa hiyo mikono miwili (yaani kupaka mara mbili) itakula lita 6 au 7.

Kupaka kwenyewe ndiko kazi ndogo. Kusogeza vyombo, kufunika sakafu na kubandika selotepu ya karatasi kwenye fremu ni saa nzima. Kuosha kuta na kuziacha zikauke, saa mbili tatu. Kisha puti kwenye nyufa: weka matabaka membamba, maana ukijaza nene kwa mara moja hukauka juu tu, ndani ikabaki mbichi, halafu ikasinyaa na kupasuka. Piga msasa, futa vumbi.

Mkono wa kwanza: dakika 40 za brashi kwenye kona, kisha saa moja ya rola. Subiri saa 2 hadi 4 (soma kopo). Kukiwa na unyevunyevu, ongeza. Hapa ndipo wengi huharibu. Rola ikipita juu ya rangi ambayo haijashika, huinyofoa na kuacha mabaka. Gusa kwa kidole mahali pa maficho, kikinata, ngoja.

Bandua selotepu mkono wa pili ukiwa bado mbichi kidogo. Milango ya rangi ya mafuta ipe siku yake: kati ya mkono na mkono, saa 16 hadi 24.