Kabla ya kufunga mwamba wa pweza: jinsi ya kuendesha kikao cha haki

Upande wa elimu ya viumbe, kufunga mwamba, yaani kuzuia uvuvi wa pweza hapo kwa muda, si jambo gumu kueleza. Pweza huishi mwaka na ushei, hukua upesi, na jike hutaga mara moja tu maishani. Mwamba ukipumzishwa miezi mitatu, pweza wa nusu kilo anaweza kupita kilo. Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walianza hivyo mwaka 2004. Kisiwa Panza huko Pemba na Pate huko Lamu nao wamefunga miamba yao. Kinachovunja mipango hii ni swali lisiloulizwa mapema: nani akaze mkanda ili nani ashibe? Mwongozo huu ni wa kamati ya wavuvi ya shehia, au BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe), inayotaka kulijibu kabla maboya hayajatiwa majini.

Siku na watu. Ita vikao siku za maji mafu, yaani maji yasiyojaa wala kupwa sana. Wakati wa bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na wanawake wote wanaochokoa pweza huwa mwambani. Ukiita kikao saa hizo umeshawafungia nje wenye shauri. Anza na vikao vidogo vya watu 10 hadi 15: wanawake wanaochokoa kwa miguu peke yao, wazamiaji peke yao, wanunuzi peke yao. Wavuvi wa dago, yaani wageni wanaopiga kambi kwa msimu, wafuateni kambini kwao. Msiwachanganye mapema, maana mwanamke hatasema mbele ya mnunuzi anayemdai kwamba mwamba ukifungwa hana pa kupata pesa ya unga.

Hasara ihesabiwe kwa kilo. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tuseme mwanamke mmoja hupata kilo 2 kwa siku, siku 5 kwa kila bamvua, na bamvua ni mara mbili kwa mwezi. Hizo ni kilo 20 kwa mwezi, kilo 60 kwa miezi mitatu. Zidisheni kwa bei ya pwani yenu na muiandike ubaoni. Mzamiaji ana mwamba wa mbali na ana chombo cha kumfikisha. Anayekwenda kwa miguu hana. Wote wawili wakiambiwa "tujitolee kwa ajili ya watoto wetu", mmoja ametoa ziada yake, mwingine chakula cha watoto hao hao.

Tiba zipo, na zinaweza kuchanganywa. Fungeni sehemu tu, isizidi robo ya mwamba, na isiwe ile iliyo karibu na kijiji. Punguzeni muda uwe miezi miwili. Au kikoba, kikundi chenu cha kuweka na kukopa, kitoe mkopo usio na riba kwa walioandikwa katika orodha ya hasara, ulipwe baada ya kufungua. Ahadi ya mradi mbadala utakaokuja baadaye msiihesabu kabisa; njaa ya mwezi wa kwanza haiingojei.

Mgeni ana haki gani? Bahari haina hati ya kiwanja, na mvuvi wa dago ana hoja: babu yake alivua hapo hapo. Lakini hakukaza mkanda na wenyeji. Jibu linaloonekana kuwa la haki ni kumpa masharti yale yale: asishike siku za kufunga, na siku ya kufungua aingie baada ya walioacha. Kijiji jirani kikipewa taarifa mwezi mmoja kabla, kwa barua na kwa mdomo, ugomvi hupungua.

Jike aliyeatamia. Swali la wasiokuwepo kikaoni, yaani vizazi vijavyo vya watu na vya pweza, hubaki hewani mpaka lipewe umbo. Umbo lake ni hili: shimo lililozibwa kwa vijiwe kutoka ndani, na mayai yaning'iniayo darini kwa vishada vyeupe. Jike halikimbii na halili tena. Litakufa mayai yakianguliwa. Ndilo rahisi kuliko wote kulitoa, na watu watasema, "litakufa tu, bora tulile." Jibuni kwamba linalochukuliwa si jike peke yake, bali na mayai yote yasiyo na mlinzi. Kanuni iwe fupi: shimo lenye mayai haliguswi, hata mwamba ukiwa wazi.

Kuna na pweza mwenyewe. Uingereza ilimtambua kisheria mwaka 2022 kuwa kiumbe chenye hisia, ila pwani yetu haihitaji kungoja sheria hiyo. Kiumbe cha bahari hakichinjwi, lakini wasia wa kufanya ihsani wakati wa kuua unajulikana na kila aliyesoma chuo cha Kurani. Kisu kati ya macho kwanza, kupigwa mwambani baadaye. Kumtunga angali hai na kumwacha juani ni ukatili usio na faida.

Siku ya kufungua. Pangeni asubuhi ya bamvua. Saa ya kwanza ni ya wanaokwenda kwa miguu, kisha wazamiaji, kisha wageni. Bei iandikwe na wanunuzi wawili au zaidi wiki moja kabla, kwa sababu pweza wengi siku moja hushusha bei na faida ya miezi mitatu ikaishia kwenye barafu ya mtu mwingine. Aliye chini ya nusu kilo arudishwe.

Faini iwe moja kwa mtoto wa mwenyekiti na kwa mgeni, na iingie katika sheria ndogo kabla ya kufunga. Mkiitunga baada ya kumkamata mtu, itakuwa kisasi. Kila kilo inayopita mizani iandikwe pamoja na aliyeileta: mwanamke, mzamiaji au mgeni. Daftari hilo lisomwe hadharani maji mafu yanayofuata, sambamba na orodha ya hasara, kabla ya mtu yeyote kutaja tarehe ya kufunga tena.