Slaidi za zamani zimekuwa nyekundu? Usizitupe, zina dawa

Kama kwenu kuna mzee aliwahi kumiliki kamera miaka ya 60 au 70, hebu fungueni kasha. Sisi huku Langoni, mtaa wa Lamu, tulikuta maboksi manne ya slaidi chini ya leso za bibi, zile filamu ndogo za kutia kwenye projekta, zenye fremu ya karatasi ngumu sentimita 5 kwa 5. Ami yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo na kila akirudi Lamu alikuwa anapiga picha weee, mpaka punda wakamjua. Sasa kuzitoa, zote nyekundu, bahari nyekundu, msikiti mwekundu, watu kama wamechovywa kwenye sharubati. Nikaambiwa tupa hizo, nikakataa, na hapa naeleza nilivyofanya, pamoja na nilipoharibu.

Kwanza elewa zimekuwaje. Slaidi ina matabaka matatu ya rangi, sayani (ile buluu ya kijanikijani), majenta na njano. Ektachrome za zamani (aina ya filamu ya Kodak), hasa za miaka ya 50 na 60, sayani yake hukimbia mapema hata zikiwa gizani hazijaguswa na mtu, na sayani ikiondoka kinachobaki ni wekundu. Lakini mara nyingi haijaisha yote, imefifia tu, na hicho kidogo kilichobaki ndicho tutakachokikuza kwenye kompyuta. Kodachrome, aina nyingine ya Kodak, ni kinyume, gizani inakaa miaka na miaka rangi zake safi, ila taa ya projekta inaimaliza haraka, kwa hiyo ile raha ya kuwaonyesha wageni kila Idi ndiyo inayoichoma. Kodachrome ilianza 1935, ikaacha kutengenezwa 2009, jina lake utalikuta limechapwa kwenye fremu. Angalia na muhuri wa mwezi na mwaka, zikiwepo, manake ndio mwezi filamu iliposafishwa maabara ikatoka picha, na utakusaidia kujua picha ni ya lini.

Halafu kuna hali yetu ya hewa. Joto, unyevu, chumvi, na hizi kuta za mawe ya matumbawe zinazonywa maji kama sifongo. Unyevu ukipita asilimia 60 hivi na ukakaa hapo, kuvu inaingia na kula jelatini yenyewe inayobeba picha, utaiona kama utando wa buibui uliotawanyika. Usizitie kwenye zidaka za ukuta hata kama zinapendeza. Na kazi yote hii ukiweza ifanye kaskazi, Januari na Februari hewa ikiwa kavu kidogo, usingoje mvua za kusi.

Sasa kusafisha, na hapa naomba usome polepole. Usitie maji. Mimi nilichukua kitambaa kibichi, nikapangusa slaidi ya harusi ya ami iliyokuwa na kuvu, na uso wa bwana harusi ukatoka na kitambaa. Kwisha. Kuvu ikishaila jelatini inakuwa inayeyuka kwenye maji, nilikuja kujua baadaye. Kwa hiyo anza na hewa tu: nunua duka la dawa kile kimpira cha kuvutia makamasi ya mtoto (kipya jamani!), puliza vumbi pande zote mbili, ama tumia brashi laini sana. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Shika kwa fremu tu, vidole vina mafuta. Kama kuna alama ya mafuta au kuvu ambayo lazima itoke, tumia aisopropili (aina ya spiriti safi) ya asilimia 98 kwenda juu, pamba kidogo, gusa usisugue, na ujaribu kwanza kwenye slaidi usiyoijali, kila mtu ana picha ya bahari tupu. Ile spiriti ya rangi ya kuwashia stovu usithubutu. Na ukisikia harufu ya siki kwenye boksi, filamu yenyewe imeanza kuoza, zitenge na zenzake leo leo na uziskani kabla ya zingine.

Kweli ni kwamba, ukiwa na wasiwasi, skani kwanza ikiwa chafu hivyo hivyo. Vumbi linafutika kwenye kompyuta, uso uliobanduka haurudi.

Skana ya kawaida ya ofisini haifai, unataka yenye taa kwenye kifuniko au skana ya filamu kabisa. Weka 4000 dpi (vidoti kwa kila inchi) kama inafika, itakupa picha ya megapikseli 21 hivi, 2400 dpi inakupa karibu 8 na kwa albamu ya kawaida inatosha. Hifadhi kama TIFF ya biti 48 (faili kubwa inayobeba rangi zote) sio JPEG, ile faili ndogo ya kawaida, kwa sababu tutazivuta rangi sana, na JPEG ukiivuta hivyo anga inakatikakatika kama ngazi. Faili moja ya 4000 dpi inakula megabaiti 128 hivi, kwa hiyo slaidi mia tatu ni kama gigabaiti 38, tafuta na diski ya kutosha. Skana nyingi zina kile kipengele cha infraredi cha kufuta vumbi, kwenye Ektachrome kiwashe, kwenye Kodachrome kinaweza kula na picha, bora ukizime. Angalia pia usiigeuze, ule upande usiong'aa ndio wenye picha. Sisi tulijua tumegeuza tulipoona maandishi ya leso ya shangazi yanasomeka kinyumenyume.

Huna skana? Kamera yenye lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) inafanya vizuri kabisa, usiku taa zimezimwa, slaidi juu ya taa nyeupe bapa, kandokando umeziba kwa karatasi nyeusi. Simu na tableti yenye skrini nyeupe inawezekana pia ila inua slaidi sentimita tano juu ya skrini, la sivyo utapiga na vidoti vyake. Ya simu ni ya kuona nani ni nani, usiiprinti.

Kurudisha rangi ndiyo raha yenyewe. Pakua GIMP, programu ya kurekebisha picha, ni bure. Fanya kazi kwenye kopi, ile ya asili usiiguse kamwe. Nenda Colors, halafu Levels, chagua chaneli ya Red. Utaona grafu kama kilima kimebanwa upande wa kulia, vuta ile pembetatu ya kushoto mpaka mguu wa kilima. Fanya hivyo Green, fanya Blue, kila moja pande zote mbili. Wekundu unaondoka mbele ya macho yako, mimi mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka mama akapanda juu akidhani nimeona nyoka.

Pale pale kwenye Levels kuna vialama vitatu vya kuchovya rangi, cheusi, kijivu na cheupe. Na picha za Lamu zimejaa vitu hivyo: buibui ndio weusi, kanzu ndio weupe, na kijivu ni punda! Bofya punda aliyesimama juani, rangi nyingi zinakaa sawa zenyewe. Lakini angalia, kanzu nyingine ni za maziwa, buibui kuukuu huchuja likawa la kahawia, na punda akiwa kivulini ana ubuluu, mimi nilibofya mmoja chini ya makuti na mji mzima ukawa njano. Ukuta wa chokaa uliopigwa jua ni mzuri pia. Ikishindikana muulize bibi. Shangazi alituambia leso ile ilikuwa ya zambarau, kompyuta ilikuwa inang'ang'ania buluu. Na usizidishe, bahari ya Shela haijawahi kuwa ya rangi ya kadi za watalii.

Ukimuuliza bibi rekodi na sauti yake, andika majina kwenye faili. Na kabla hujatupia kwenye grupu la familia kumbuka kuna picha za harusi za ndani, wanawake bila buibui, walipigwa wakijua wataona wa nyumbani tu. Hizo omba ruhusa.

Kopi tatu, moja ikae nje ya Lamu, yetu iko kwa dada Mombasa.

Slaidi zenyewe zirudishe kwenye mifuko ya polipropilini, sio ile ya PVC inayonuka plastiki, ndani ya chombo kinachofunga kabisa pamoja na vipakiti vya silika jeli kama vya boksi la viatu, uvibadilishe vikilowa. Mchele hapana, una vumbi, huo ni wa pilau. Friji inasaidia sana kama umeme wenu haukatikikatiki, zifunge mifuko miwili na ukizitoa ziache siku nzima bila kufungua zisije zikatoa jasho. Na andika juu kwa kalamu nene, manake zetu Ramadhani zilitolewa zikaangwe pamoja na sambusa.