Kuleta Maumbo ya Asili Chumbani kwa Ajili ya Utulivu

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, ambao madirisha yao yalitazama miti, waliruhusiwa kutoka hospitali mapema kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Asiye na mti dirishani anaweza kuleta maumbo ya asili ndani kwa gharama ndogo.

Anza na chumba unachopumzikia, na uchague sehemu moja tu itakayobeba nakshi: ukuta wa nyuma ya kitanda, mapazia au sakafu. Pwani yetu ina hazina tayari. Mkeka wa ukindu, ambao kili zake, yaani mikanda mirefu ya ukindu, husukwa kwanza kisha zikashonwa pamoja, una mpangilio unaojirudia bila kufanana kabisa, kama makuti ya mnazi. Na kanga yenye nakshi ya umbo la korosho, ikiwambwa vizuri kwenye fremu ya mbao, hupamba ukuta bila kuhitaji fundi. Soma jina la kanga kwanza, maana fumbo la kumsuta jirani halifai juu ya kitanda.

Nakshi ikiwa kubwa, rangi ziwe tulivu, kama ya mchanga au ya majani makavu. Kuta nyingine ziache wazi, kwa sababu macho yanayozungukwa na michoro pande zote huchoka badala ya kupumzika. Taa iwekwe pembeni ya kikapu au mkeka uliotundikwa, ili mwanga upite kwa mshazari na msuko utoe vivuli.