Mambo ya Kuzingatia Kabla Mimba Haijatunga, kwa Ajili ya Ubongo wa Mtoto

Watu wengi huanza kujiandaa siku kipimo kinapoonyesha mistari miwili. Kwa nguo za mtoto bado kuna muda wa kutosha. Kwa mishipa yake ya fahamu, sehemu nyeti kabisa ya kazi huwa imeshaanza, na pengine imeshakwisha.

Katika wiki ya tatu baada ya mimba kutunga, tabaka la seli mgongoni mwa kiinitete hunenepa, kingo zake huinuka, kisha hujikunja kama mkeka unaoviringishwa mpaka zikutane na kushikana. Unatokea mrija: upande wa kichwani utakuwa ubongo, uliobaki utakuwa uti wa mgongo. Kufikia siku ya 28 mrija huo unatakiwa uwe umeziba. Hesabu mwenyewe: mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 anakuwa amechelewa kuona siku zake kwa wiki mbili hivi tu. Mrija ukibaki wazi upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wao hupata pia kichwa kikubwa kwa sababu ya maji kujaa kwenye ubongo. Ukibaki wazi upande wa juu, ubongo na fuvu haviumbiki, na mtoto huyo haishi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni asidi ya foliki, vitamini ya kundi B, mikrogramu 400 kila siku, walau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba na kuendelea hadi wiki ya 12. Ukianza miezi mitatu kabla ni bora zaidi. Seli zinazogawanyika kwa kasi zinaihitaji ili kutengeneza chembe za urithi mpya. Mwaka 1991 utafiti mkubwa uliosimamiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza uliwafuatilia wanawake waliokwisha kupata mimba yenye tatizo hili. Waliopewa miligramu 4 kwa siku walipunguziwa hatari ya kurudiwa kwa takriban asilimia 72. Kama yamekukuta, kidonge cha kawaida hakikutoshi, muone daktari akuandikie dozi kubwa kabla hujajaribu tena.

Mchicha, matembele na maharage vina foliki, lakini sehemu kubwa hupotea jikoni vinapochemshwa sana. Tanzania na Kenya zina sheria zinazovitaka viwanda viongeze virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo, na ndio tunaoula wengi. Usiutegemee.

Pili, dawa unazotumia. Anayetumia valproeti kwa ajili ya kifafa azungumze na daktari mapema, kwa kuwa dawa hiyo huongeza hatari ya mgongo wazi na hudhuru uwezo wa mtoto kujifunza. Asiiache mwenyewe ghafla, maana degedege nalo ni hatari. Mwenye kisukari ahakikishe sukari imetulia kabla. Sukari ya juu katika wiki hizo za mwanzo huvuruga mrija huohuo. Na jambo ambalo husahaulika: asidi ya foliki ya miligramu 5 kwa siku hupunguza nguvu ya SP, dawa ya kukinga malaria ambayo wajawazito huanza kupewa kuanzia wiki ya 13. Kliniki, mwambie mhudumu unameza kidonge cha kiasi gani.

Baada ya mrija kuziba, seli za neva huzaliwa kwa wingi kwenye ukuta wake wa ndani, na hazibaki hapo. Zinazoelekea kwenye gamba la ubongo hupanda zikifuata nyuzi ndefu za seli saidizi, jambo ambalo mtafiti wa ubongo Pasko Rakic alilionyesha kwenye ubongo wa nyani miaka ya 1970. Zinazotangulia hukaa tabaka za ndani, zinazofuata huzipita na kukaa juu yake. Kila seli huchukua kazi kulingana na mahali ilipo na ishara za kemikali inazozipata: kwenye uti wa mgongo, za upande wa mbele huamuru misuli, za upande wa nyuma hupokea hisia. Nyingine hutoka kabisa kwenye mrija na kusafiri hadi kwenye utumbo. Zisipofika mwisho wa utumbo mpana, mtoto hushindwa kutoa choo.

Safari hii ndiyo inayovurugwa na pombe. Hupita kwenye kondo la nyuma, huzuia seli kushikana sawasawa, nyingine huziua. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, iwe bia, mbege au chang'aa. Anayejaribu kupata mimba aiache tangu sasa, na mume amsaidie kwa kuiondoa nyumbani.

Seli hizo pia zinahitaji homoni ya tezi ya shingo, na katika miezi ya mwanzo mtoto huitegemea ya mama. Homoni hiyo hutengenezwa kwa madini joto. Nunua chumvi iliyoandikwa kuwa nayo, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, uitie chakula kikikaribia kuiva. Kwa wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambako uvimbe wa tezi uliwahi kuenea sana, nalisisitiza hili.

Chanjo ya rubela, kama hukuipata utotoni, huchomwa walau mwezi mmoja kabla ya mimba. Haitolewi kwa mjamzito.

Mwisho, pima wingi wa damu. Seli zikishafika hurefusha nyuzi zenye ncha inayopapasa njia, mwanasayansi wa Hispania, Cajal, aliziona mwaka 1890 kwenye kiinitete cha kuku, na miunganiko huendelea kujengwa hadi baada ya kuzaliwa. Kazi hiyo inataka madini ya chuma. Ukianza mimba damu ikiwa pungufu, miezi tisa mara nyingi haitoshi kuijaza akiba, hivyo tibu minyoo na upungufu huo sasa, ukiwa bado hujabeba.