Kabla hujaenda Gujo mwaka ambao ngoma imepunguzwa

Gujo Odori, ngoma ya mji wa Gujo Hachiman huko Gifu, Japani, ina zaidi ya miaka 400, na kwa kawaida huchezwa takriban usiku 30, Julai hadi Septemba. Hungoji kualikwa. Ingia kwenye duara, mtazame bibi aliye mbele yako, fuata miguu yake.

Maji, beba. Pesa taslimu pia, usitegemee kadi ya treni za mjini. Yukata, kimono nyepesi ya kiangazi, ifunge upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Kinyume chake ni mavazi ya maiti, na bibi yuleyule atakusimamisha akufunge upya. Geta ni mitalawanda tu: zivae nyumbani kwanza, na plasta usiache, maana kamba hula ngozi katikati ya vidole.

Sasa ratiba, na hapa nisikilize. Kuanzia tarehe 13 hadi 16 Agosti, siku za Obon za kuwakumbuka wafu, watu hukesha wakicheza, kwa hiyo wengi hawalipii chumba. Kukikucha wanapanda treni ya kwanza. Mwaka 2020 na 2021 ngoma ilifutwa. 2022 ikarudi, ila bila mkesha. Vijana wawili wa kwetu, wanafunzi, walikuja kwa hesabu za miaka ya nyuma. Shamisen, zeze la Kijapani la nyuzi tatu, na ngoma zikanyamaza, ikabaki sauti ya mwimbaji na vijiti vinavyogonganishwa. Wao wakachangamka, wakadhani ni wimbo mwingine. Ule ni Matsusaka, wimbo wa kufungia usiku! Ulipokwisha watu wakatawanyika, taa zikazimwa, na treni ya mwisho ilishaondoka zamani. Nyumba za wageni zimejaa, nyingine zimeshafunga milango. Wakakaa nje ya stesheni mpaka asubuhi, yukata zimelowa jasho, umande wa milimani unawashukia, mmoja geta mkononi kwa sababu kamba ilikatika.

Kwa hiyo soma tangazo la mwaka huu huu, si la mwaka jana, wala picha za rafiki yako. Angalia saa ya kumaliza, kisha saa ya treni ya mwisho, kisha chumba, kwa mpangilio huo. Mkesha ulirudi 2023, sawa, lakini bado uliza. Mvua nayo hubadilisha mambo. Simu ijaze chaji. Na mkija kundi, kubalianeni mapema mtakutana wapi, maana kwenye duara mtapotezana tu.